Upotevu wa Nne

Mjane wa Fuad alinipigia simu siku ya sita baada ya maziko. Yuko edani, hatoki nyumbani, kwa hiyo hakuweza kuja mwenyewe, nami nilishukuru kwa hilo, maana sijui uso wangu ungefanya nini mbele yake. Alinisalimia vizuri, akauliza hali yangu, akauliza hali ya nyumba, kila kitu kwa mpango wake kama tulivyolelewa Mji wa Kale, kisha akanieleza kwamba marehemu kabla ya kukata roho alimtajia watu watatu ambao ni lazima waombwe radhi, na kwamba wawili wameshasamehe. "Umebaki wewe, dadangu Zuhura," aliniambia. "Nakuomba kwa ajili yake. Mpe radhi apumzike." Nikamjibu kwamba nitafikiri. Akasema nifikiri, ila nimpe jawabu kabla ya arubaini. Basi nimefikiri, na kila nikifikiri nazidi kupandwa na hasira. Mtu huyu aliishi miaka ishirini na kitu mwendo wa dakika kumi kutoka mlangoni kwangu. Tulikutana sokoni, tulikutana harusini, tulikutana kwenye foleni ya hospitali, na hata siku moja hakufungua mdomo. Amengoja afe ndipo amtume mkewe.

Nitaeleza mwaka mmoja tu. Nani alinizaa na nani alinilea hayahusiki hapa, na waliohusika wameshasamehewa au wameshazikwa. Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, msaidizi katika chuo kidogo cha kompyuta kilichokuwa ghorofani, juu ya ghala la viungo, Ndia Kuu. Chumba cha mashine kilikuwa chumba cha kulala cha watu wa zamani: kuta nene za chokaa, dari ya boriti, na zidaka ukutani, vile vishubaka ambamo mabibi waliweka vikombe vyao vya kauri. Sisi tuliweka diski. Mashine zilikuwa sita, na moja kati yake ilikuwa ya kuonyesha tu kwa sababu haikuwaka. Harufu ya iliki na pilipili manga ilipanda kutoka ghalani mchana kutwa, mpaka nikifika nyumbani watu waliniuliza kama nimekwenda kupika. Kazi yangu ilikuwa kuwasha mashine asubuhi, kufuta vumbi, kuwasaidia wanafunzi waliokwama na kupika chai ya walimu. Nilikuwa na cheti kizuri kuliko baadhi ya hao niliowapikia chai, na nililijua hilo kila nilipotia sukari.

Fuad alikuwa naibu wa mkuu wa chuo. Alizaliwa hapa Mombasa, lakini walimchukua mdogo wakampeleka Nakuru, akarudi mtu mzima, mwenye shahada ya utawala, mashati ya mikono mirefu na Kiswahili cha msomaji habari. Mwalimu wa mifumo endeshi alipoondoka katikati ya mwaka, Fuad alisema somo hilo atalifundisha mwenyewe, na akalifundisha kwa kusoma kitabu cha Kiingereza kwa sauti, mstari kwa mstari, huku wanafunzi wakipigana na usingizi. Alipofika sura ya kumbukumbu, yaani namna kompyuta inavyogawa nafasi yake ya kufanyia kazi, aliifungua, akaifunga, akaniita. Akaniambia kwamba sura ile ni nyepesi na kwamba itakuwa mazoezi mazuri kwangu. Siku hizo nilidhani ameniheshimu.

Wanafunzi wengi walikuwa watu wazima wenye kazi zao, makarani wa bandarini na wa reli waliokuja saa za mchana kwa ruhusa ya wakubwa wao. Aliyekuwa mbele yao wote kwa bidii ni Mutua, mtu wa Machakos, karani wa langoni aliyekuwa akiandika namba za malori yanayoingia na kutoka. Alikuwa amenizidi umri kwa miaka saba au minane na akiniita Mwalimu tangu siku ya kwanza, wakati wenzake wote walikuwa wakiniita dada wa chai. Aliwahi kunieleza, bila kulalamika, kwamba idara yake inafungua chumba cha kompyuta na nafasi ni moja, na kwamba ameambiwa akipita mtihani wa mwaka ule ataipata yeye. Asipopita watampa mwingine na hatapewa tena. Alikuwa na daftari lililofunikwa kwa gazeti na maandishi yaliyonyooka utadhani yamepigwa rula. Nilimpenda kama mwalimu anavyompenda mwanafunzi anayemfanya ajione mwalimu.

Sura ile iliwashinda. Mashine zetu zilikuwa na kumbukumbu ndogo sana. Ukifungua programu mbili, ya tatu inagoma, inakuambia hakuna nafasi, na ukipiga hesabu unaona nafasi ipo. Mutua aliniuliza kama mashine zinasema uwongo. Nilijaribu maneno ya kitabu, nikajaribu michoro ubaoni, wakaandika kila kitu na hawakuelewa chochote. Siku chache baadaye tulikaa kula ukumbi wa nyuma, kwenye mkeka, mimi na mahamri na mbaazi zangu, Mutua na muthokoi wake, mahindi ya kukoboa, ndani ya kopo la bluu, wengine na viazi karai vya mama wa pembeni. Mikono ilikuwa ikiniuma kwa sababu siku iliyotangulia nilishinda Kibokoni kwenye harusi nikibeba masinia, na Mutua aliponiuliza nina nini, nilianza kumweleza habari za harusi, na katikati ya maneno yangu mwenyewe nikaona nimeshaieleza sura nzima.

Niliwaambia hivi. Wamekuja wageni thelathini na wawili kutoka Likoni, wanataka kukaa pamoja, hawakubali kutenganishwa. Ukumbini kuna nafasi arubaini, lakini mbili ziko hapa, tatu ziko pale, moja iko mlangoni. Nafasi zipo na wageni wamesimama. Huo ni upotevu wa nje: nafasi inapotea nje, baina ya watu waliokwisha kaa, na haimfai mtu. Sasa fanya kama tufanyavyo sisi. Usigawe viti, gawa masinia. Kila sinia watu watano. Wageni wa Likoni wakate makundi ya watano watano, na kila kundi liweke penye sinia iliyo wazi, liwe ukumbini, liwe ghorofani, liwe kwa jirani. Mlangoni muweke mtu mwenye karatasi inayosema kundi la kwanza liko sinia ya tisa, kundi la pili liko sinia ya tatu. Ukimtaka mtu yeyote wa Likoni, uliza mlangoni. Hizo ndizo kurasa, na ile karatasi ndiyo jedwali la kurasa. Mutua aliacha kula. Akasema thelathini na mbili haigawanyiki kwa tano, kundi la mwisho litakuwa na watu wawili mbele ya sinia ya watu watano. Nikamwambia hapo ndipo penye upotevu wa ndani, nafasi tatu zimepotea ndani ya sinia yenyewe. Akauliza kwa nini tusiwaongeze wengine watatu. Nikamwambia wale ni wakwe, wakwe hawachanganywi na watu baki, ukiwachanganya utasutwa mpaka mwakani. Walicheka wote, na kuanzia siku ile hakuna aliyekosa swali la kumbukumbu.

Nilianza kuandika. Nilinunua daftari la kurasa tisini na sita na nikaandika sura nzima kwa Kiswahili, na sura mbili za jirani yake, asubuhi wanafunzi walipokuwa kazini, nimekaa dirishani panapoingia upepo. Niliandika kuhusu masinia yanapokwisha, jinsi unavyowatoa waliokwisha kula ukawapeleka kupumzika nyumba ya pili, na jinsi ukiwatoa na kuwarudisha mara nyingi mno watu wanashinda njiani na hakuna anayekula. Darasani nilikuwa nikisema upotevu wa nje, kwa sababu Mutua na wenzake walikuwa watu wa bara na sikutaka kuwababaisha. Katika daftari niliandika kama ninavyozungumza na watu wangu, Kimvita, ambamo njaa ni ndaa, njia ni ndia, na nje ni nde. Mtaa wenyewe tuliokuwamo ni Ndia Kuu, na hakuna anayeuita vingine. Basi niliandika upotevu wa ndani na upotevu wa nde, na herufi yangu ya d, nakiri, ina kijiti kifupi.

Fuad alilikuta daftari mezani kwangu akaliazima. Alikaa nalo mwezi. Meza yangu ilikuwa upande wa pili wa ukuta wa mbao uliogawa ofisi yake, ukuta ambao haukuzuia hata kikohozi, na asubuhi moja nikiwa namenya chungwa nilimsikia akizungumza kwa simu. Kulikuwa na kamati Nairobi iliyokuwa ikitafuta vitabu vya ufundi kwa Kiswahili, na ambaye kitabu chake kingependwa angechukuliwa kuwa mwandishi wa mitaala na angepelekwa kusoma zaidi. Kusoma zaidi ndilo jambo nililokuwa nikiliomba kwa Mungu kila siku bila kumwambia mtu. Nikamsikia Fuad akisema, "Ndiyo, nimeandika mwenyewe. Ndiyo, kwa Kiswahili. Ule mfano wa masinia ulinijia nikiwa harusini." Nilimaliza kulimenya lile chungwa nikalila lote na kokwa zake.

Alinipa karatasi wiki ile ile, kurasa sabini zilizochapwa, nizitie namba na kusahihisha makosa ya chapa. Alikuwa amezichapa mwenyewe kwa vidole viwili, mlango umefungwa. Yalikuwa maneno yangu, wageni wangu wa Likoni, wakwe zangu, jina lake juu. Ukurasa wa mwisho uliandikwa shukrani kwa Bi Zuhura kwa kuchapa. Nilikwenda ofisini kwake nimezishika karatasi zile kifuani. "Mwalimu, haya ni maneno yangu," nilimwambia. Hakukasirika, na hilo ndilo sitalisahau. Alinionyesha kiti, akaniambia kwa upole kwamba mawazo hayana mwenyewe, kwamba nimeajiriwa na chuo na kilichoandikwa saa za chuo ni cha chuo, na kwamba kamati haiwezi kuchukua kitabu cha msaidizi wa maabara. "Jina lako nimeliweka, Bi Zuhura," akasema. "Wangapi hapa mjini wamewahi kuona jina lao limechapwa?" Kisha akaniuliza kama chai imekwisha iva.

Nilirudi mezani nikiwa na nia ya kuzichana. Nilianza kuzisoma ili nijue nachana nini, na ukurasa wa thelathini na kitu nikakuta upotevu wa nne. Nilidhani ni kosa la kidole. Nikafunua mbele, nikakuta upotevu wa nne tena, na tena. Hakuwa ameielewa nde. Aliisoma nne, na kwa kuwa wa nne hauwezi kuwepo bila ya wenziwe, alikuwa amekaa akawatunga. Aliandika kwamba aina za upotevu wa kumbukumbu ni nne: wa ndani, wa kati, wa pembeni, na wa nne. Wa kati aliupa sentensi mbili zisizo kichwa wala miguu. Wa pembeni alisema hutokea ukingoni mwa mashine. Wa nne, kwa kuwa hapo alikuwa akinakili maneno yangu, ulielezwa vizuri sana. Nilicheka peke yangu mpaka machozi yakanitoka, halafu nikanyamaza, kwa sababu nilikuwa nimeona la kufanya. Sikumchania kitu. Nilimsahihishia kila nukta, kila mkato, kila herufi kubwa, nikazipanga kurasa zake zikapangika, ili pasiwe na kosa lolote ndani ya kitabu kile isipokuwa moja. Kisha nikampelekea pamoja na chai yake.

Wakati mwingine watu huniambia hasira hupita. Yangu haikupita, iliniwekea nidhamu. Kwa wiki tano nilifika kazini mapema kuliko mtu yeyote, nikamwamkia Fuad kwa adabu, nikamtilia sukari vijiko viwili kama anavyopenda, na kila nikimtazama nilikuwa nikimwona amesimama mbele ya wale watu wa Nairobi na upotevu wake wa nne mkononi. Sijapata kuwa na furaha kama ile. Naiandika kama ilivyokuwa kwa sababu wasomaji wangu si watoto.

Jambo ambalo sikulipigia hesabu ni kwamba Fuad, kwa kiburi cha kitabu kipya, alikitoa nakala akawagawia wanafunzi, na mtihani ulikuwa umebakisha wiki tatu. Ulikuwa mtihani wa nje, wa Kiingereza, si wa chuo chetu. Kamati ilikuwa ije siku chache baada yake. Mutua alisoma nakala yake usiku mmoja, na kesho yake alinifuata kwenye ukumbi wa nyuma kabla ya wenzake kufika. Alisimama, hakukaa mkekani. "Mwalimu, wewe ulitufundisha aina mbili," aliniambia. "Hapa zipo nne. Hii ya kati na hii ya pembeni sizielewi. Nifuate ipi?" Nilijua kwamba nikimwambia ukweli atawaambia wenzake, maana alikuwa mtu wa kusaidia wenzake, na kabla ya jua kuzama Fuad atakuwa amepata habari, atabadilisha neno moja, na kitabu changu kitakwenda Nairobi kikiwa safi na jina lake juu. Nilijua pia mtihani ule ulikuwa nini kwake. Yote mawili niliyajua kwa wakati mmoja, na nilikuwa na muda wa kutosha wa kuchagua. Nikamwambia, "Fuata kitabu." Akaniangalia kidogo, akaitikia kwa kichwa, akatoa kalamu akaandika kitu pembeni mwa ukurasa.

Kamati ilikuja watu watatu. Chumba cha mashine kilifagiliwa, viti vikaazimwa msikitini, na kukaletwa kaimati na sharubati ya ukwaju. Mkuu wa chuo alikuwepo, wanafunzi walikuwepo, na vijana kadhaa wa mtaani walisimama ngazini kutazama. Fuad alizungumza vizuri, sitamnyima haki yake. Mfano wa masinia aliutoa kwa madaha, na wageni walikuwa wakitabasamu. Mmoja wao, mama mmoja mtu mzima mwenye miwani ya kamba, alikuwa ameweka kidole ndani ya kitabu tangu mwanzo. Akauliza kwa nini upotevu wa nne umeelezwa kuwa nafasi iliyopotea nje ya makundi, na kama ni hivyo, kwa nini usiitwe upotevu wa nje. Fuad alikunja uso kama mtu aliyeulizwa swali la kitoto. Akasema kwamba nje ni neno la kawaida mno, na kwamba ameuita wa nne kwa sababu za kitaalamu.

Nilisimama. Nilikuwa nimelifanyia mazoezi jambo lile kwa wiki tano na sauti yangu haikutetemeka hata kidogo. "Samahani, mama," nilisema. "Si nne. Ni nde. Aliyeandika nde ni mimi, na yeye hakujua kuisoma." Nikaenda ubaoni nikaandika neno lile kwa herufi kubwa, d yake na kijiti kirefu safari hii, nikamgeukia Fuad nikamwomba atusomee. Alisoma. Halafu nikamuuliza mtaa tuliopo unaitwaje. Vijana wa ngazini ndio waliojibu Ndia Kuu, wote kwa pamoja, na kicheko kilichotoka pale nadhani kilisikika mpaka Ngome. Yule mama alivua miwani akaifuta kwa upindo wa leso. Fuad aliinama akawa anazipanga karatasi zake, anazipanga tena, na masikio yake yalikuwa yamewiva. Nilimtazama mpaka alipomaliza.

Aliondoka chuoni mwezi haujaisha akafungua duka la vitambaa Biashara Street, lakini jina lilimfuata. Watu waliokaa barazani walimwita Bwana Nne, wanawake waliokuja kununua kanga waliuliza doti ya nne iko wapi, na mpaka anazikwa wapo wasiojua jina lake jingine. Kitabu hakikuchapishwa. Kamati iliona kwamba chuo chetu ni mahali pa fitina ikaenda kutafuta waandishi kwingine, na mimi sikupelekwa kusoma popote. Bado nafundisha kompyuta, na tangu siku ile sijautumia tena mfano wa masinia. Naeleza kwa kabati na droo, na wanafunzi hawanielewi vizuri. Hayo yote niliyalipa na sikuyajutia. Majibu ya mtihani yalikuja baadaye. Swali lilitaka aina za upotevu na maelezo yake, na Mutua alikuwa ameandika aina nne kwa Kiingereza chake safi, pamoja na ile ya ukingoni mwa mashine. Wengine waliamua kuandika mbili nilizowafundisha kwanza, wakapita. Yeye alikosa kidogo tu. Hakurudi chuoni, wala sikwenda langoni kumtafuta.

Nilimtafuta juzi, kabla ya kumjibu mjane. Nilivuka Feri nikamkuta Likoni, nyumba ya matofali yenye maua ndani ya makopo, mvi zimejaa kichwa kizima. Alistaafu mwaka jana, karani wa langoni, cheo kile kile. Mkewe alituletea chai na mihogo ya kuchemsha akatuacha. Nilimweleza kila kitu kama nilivyokieleza hapa, na sikujipendelea. Nilimwambia kwamba siku aliyoniuliza nilijua jawabu, na nilijua litamfika nini, na nikamnyima kwa sababu nilitaka kumwona Fuad akiadhirika. Alikuwa akivunja kipande cha muhogo vipande vidogo vidogo na hakukila hata kimoja.

"Kile kitabu sikukiamini, Mwalimu," alisema mwishowe. "Nilikiona kina makosa. Ndiyo maana nilikuja kukuuliza wewe."

Nikamwomba radhi. Nilitumia maneno yale yale aliyoyatumia mjane, maana sikujua mengine. Mutua alitazama makopo yake ya maua kwa muda mrefu, na hapakuwa na ubaya usoni mwake, wala haraka. Akaniambia amenisikia, na anashukuru kwamba nimekuja kwa miguu yangu, lakini radhi hana. Alisema alikuwa akiipitia ile barabara ya langoni miaka yote hiyo akiamini kwamba hakuwa na akili ya kutosha, na kwamba jambo hilo halirudi kwa kikombe cha chai. Kisha akasimama akanisindikiza mpaka Feri, akaniaga kwa adabu kama alivyokuwa akiniaga zamani.

Jioni ile nilimpigia mjane wa Fuad. Nilimwambia jawabu langu ni hapana. Nilimwambia pia kwamba hata mimi nina mtu niliyemdhulumu, nimetoka kwake mchana huu kuomba radhi, nami nimenyimwa. Nilisikia watoto wakicheza nyuma yake, wajukuu nadhani. Halafu akaniuliza, taratibu, kama mtu huyo aliyeninyima ni mtu mwenye roho mbaya. Nikamwambia la, ndiye mwanafunzi bora niliyewahi kumfundisha.